Sanamu ya Matanga Katika Ghala la Ingleburn

Magoti yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza. Mimi nimeyafuata tu. Sasa nashinda nyumbani Toongabbie, nakunywa chai saa ambazo ninyi mnapakia lori, na bado hamniachi. Mnapiga simu kuuliza sanamu ndefu inafungwaje, kwa nini Margaret hataki watu waongee wakiwa wamebeba, na kama ni kweli ile habari ya mzee wa New Ireland aliyekuja kusimama mbele ya sanamu ya ukoo wake kabla haijasafirishwa, au ni Désiré anatia chumvi. Nimechoka kujibu kwa simu. Naandika mara hii moja, msome, kisha mniache nilale mchana kama wazee wenzangu.

Ya vyeo sitaandika. Vilikuwa vichache na havikupunguza uzito wa mzigo hata mmoja.

Mimi ni seremala wa Fizi, Kongo. Ufundi niliupata kwa baba, nikauendeleza katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ambako kwa miaka mingi nilitengeneza vitanda, milango na majeneza. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki cha kuandikia. Cha nyumbani kwetu kinapinda zaidi, kama mnavyonisikia. Tulipoletwa Sydney nilihudhuria mafunzo marefu ya kuandika barua za kuomba kazi, mafunzo ambayo hayakumpa mtu kazi isipokuwa mwalimu. Kazi niliipata kwa jirani aliyesikia kwamba kuna ghala Ingleburn wanatafuta mtu wa kutengeneza makreti. Bosi aliniuliza nimewahi kutengeneza masanduku ya aina gani. Nikasema majeneza. Akanitazama kidogo, akasema basi nianze Jumatatu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Vinko, fundi mzee aliyetoka Kroatia, mwenye masikio makubwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilikuja na nyundo yangu. Vinko akaichukua, akaifungia kabatini, akaniambia niweke mikono mfukoni na nisiitoe mpaka saa ya kula. Tukatembea. Rafu zilipanda mpaka karibu na dari, na kila rafu ilikuwa na vitu vya mbao vinavyokutazama: ngao za mto Sepik zenye nyuso, viti vya wasemaji ambavyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuvikalia, vichwa vya kufungwa mbele ya mitumbwi ya visiwa vya Solomoni, ngoma za Vanuatu zilizochongwa kwenye gogo zima, ndefu kuliko mlango. Vyote vilitengenezwa zamani kwa shughuli za watu wa visiwa vile, za kuzika, za kupandisha vijana daraja, za kushusha mtumbwi mpya majini. Na vyote sasa vilikuwa mali ya watu wa mjini ambao nyumba zao zimejaa.

"Leo unaangalia tu," Vinko aliniambia kwa Kiingereza kilichokuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana haraka. "Mtu akishika kabla ya kuangalia, anavunja."

Nitasema ukweli, niliogopa. Mimi ni mtu wa kanisa, na nyuso zile hazikunichekea. Mchungaji wetu naye aliposikia akaniita pembeni, akaniuliza kama sihofu kushinda na mizimu. Nikamwambia mizimu ya watu wengine hainifahamu. Ninachohofia ni foklifti. Alicheka, lakini aliniombea hata hivyo, na sikumkataza.

Mambo aliyonifundisha Vinko ni machache na mnayajua, ila nayaandika kwa sababu mnayasahau mkiwa na haraka. Kila sanamu ina mahali panapofanana na mpini. Usishike hapo. Hapo ndipo walioshika kabla yako walipoanzisha ufa. Shika palipo panene na pazito, na uulize mwenzako naye ameshika nini kabla hamjanyanyua. Vaa glavu, si kwa sababu mikono yako ni michafu bali kwa sababu zamani wakusanyaji walizipaka sanamu hizi sumu ya kuua wadudu, na sumu ile haijui kwamba wao wamekufa. Sponji ngumu nyeupe ikate kwa kisu kipya, na ukate umbo la sanamu polepole mpaka ikae yenyewe bila kusukumwa. Ukisikia inalia kidogo unapoilaza, umekosea kipimo. Usiisukume, kata tena. Na mkiwa mmebeba, hakuna hadithi. Wawili wanabeba, mmoja anasema, na anasema maneno ya kubeba tu. Vinko alijifunza kwetu neno "polepole", akawa analisema kwa kila mtu, hata kwa dereva wa lori ambaye hakuwa Mwafrika.

Margaret alikuja baadaye. Yeye ndiye mtaalamu wa kutunza vitu vya kale, na wengi wenu mnamuogopa. Mimi pia nilimuogopa, mpaka siku nilipomwona amepiga magoti chini ya meza na tochi mdomoni, anaokota vipande vya rangi vidogo kama punje za mtama kwa brashi, kimoja kimoja, na baada ya hapo akavirudisha vyote mahali pake. Mtu wa namna hiyo akikwambia usiguse, hugusi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na nyingine zimenitoka kichwani. Ile ngoma ya Vanuatu mnayoisikia ni kweli: iliingia ghalani kabla mlango wa chumba cha ndani haujawekwa, na siku ya kutoka haikupita. Mabwana wa ofisini walisimama na vipimo vyao wakitazama ngoma. Vinko alitazama mlango. Tukaubomoa mlango, ngoma ikatoka, tukaurudisha, na kila mtu akaenda kula. Kulikuwa pia na kiti cha Sepik kilichokuwa na kiota cha nyigu mle kinywani mwa sanamu iliyochongwa juu yake, kikavu, cha miaka mingi. Margaret alikataza kukitoa. Alisema nyigu hao ni wa kule kule, nao ni sehemu ya safari yake. Nilimsikiliza, nikatengeneza nafasi ya kiota kwenye sponji, na usiku ule nikamwambia mke wangu Feza kwamba Wazungu wanatunza hata nyigu.

Vinko aliondoka mgongo ulipomshinda. Tangu hapo nikawa nafanya kazi na Désiré, Mrundi wa kanisani kwetu, ambaye anaongea sana akiwa hana mzigo na haongei kabisa akiwa amebeba, kwa hiyo nikamsamehe. Miaka ikaenda. Watu hudhani kazi ya kufunga vitu vizuri inatia moyo. Labda inatia, asubuhi. Jioni ni kazi ya kuinama kama nyingine. Unakifunga kitu kana kwamba ni mtoto mchanga, kinakwenda kulala gizani kwa mtu mwingine, halafu kinauzwa, kinarudi kwako, unakifunga tena. Kuna ngao moja niliyoifunga mara nyingi hata nikawa naijua kuliko shemeji zangu. Sikuwahi kuona hata moja ikifika mahali na kusemwa, basi, imefika.

Sasa niingie kwenye ile mliyoniuliza.

Ilitoka kwenye nyumba ya tajiri mmoja aliyefariki, na warithi wake walikuwa wameiuza kwa mtu wa Ulaya. Ilikuwa sanamu ya New Ireland, Papua Guinea Mpya, ya aina ambayo wenyewe huiita malagan. Urefu wake kama mtu mzima, lakini nyepesi kuliko ilivyoonekana, maana imechongwa kwenye mti laini na kutobolewa kila mahali: samaki mkubwa, nyoka, ndege anayeuma mkia wa nyoka, na vijiti vyembamba vinavyowashikanisha wote. Rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, na macho yake yalikuwa vifuniko vya konokono wa baharini, vya kijani, vinavyong'aa. Tulipoitoa kwenye blanketi, chini yake palibaki unga laini wa mbao. Fukusi walikuwa ndani, wanakula.

Mnajua dawa yake. Inafungwa kwenye plastiki safi, inaingia kwenye friza kubwa, inakaa mpaka kila mdudu na kila yai limekufa, na ikitoka haifunguliwi mpaka siku nzima ipite. Ikifunguliwa ingali baridi, unyevu wa hewa ya Sydney unaganda juu yake, na rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Kwa kuwa vijiti vilikuwa vyembamba, nilitengeneza fremu nyepesi ya mbao kuizunguka, plastiki ikatandazwa juu ya fremu bila kugusa sanamu. Tukaiingiza, tukafunga mlango. Lori lilikuwa limeshapangwa.

Jioni moja ya siku hizo Feza alirudi kutoka kazini Liverpool, hapahapa Sydney, ambako anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, akakaa mezani bila kuvua koti.

"Papa Neema," aliniambia, "kuko mwenzangu wa kazi, Delma, wa Papua. Mama yake alikufa mwaka jana. Anasema iko kitu ya ukoo yabo, iko mu depot yenu."

"Nani alimwambia?"

"Aliona photo yake kwa internet, kwa bale banauzisha. Balimwambia imeshaenda Ingleburn kufungwa, inaenda Ulaya. Mjomba yake anakuja. Anapashwa kuiona mbele iende."

"Mama, mimi siruhusiwi kusema kilichomo ndani."

"Basi usiseme. Usikie tu."

Delma alikuja kwetu Jumapili baada ya ibada. Mwanamke mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Tuliongea Kiingereza, na alinieleza polepole, kama anavyowaeleza wazee wake wa kazini.

Kwao mtu akifa anazikwa, lakini msiba haujaisha. Miaka inaweza kupita. Ndugu wanafuga nguruwe, wanalima, wanajenga uzio, na ndani ya uzio mchongaji anachonga bila kuonwa. Siku ikifika uzio unafunguliwa, watu wanaiona sanamu, wanakula, na hapo ndipo matanga yanaanuliwa na marehemu anakwenda zake. Baada ya siku hiyo sanamu haina kazi. Inatupwa porini au anapewa mgeni anayeitaka, ni mamoja. Mali ya ukoo si ule mti, ni mtindo wake, na haki ya kuuchonga tena inapita kwa macho. Anayerithi lazima asimame mbele ya sanamu, aione. Hii tuliyokuwa nayo ilichukuliwa na wafanyabiashara asubuhi ya sherehe yenyewe, zamani sana, kabla vijana wa ukoo hawajaingizwa ndani ya uzio. Tangu hapo walibaki na maneno tu. Na mama yake Delma, kabla hajafa, alimwambia kaka yake Leban kwamba hataki kuagwa kwa mtindo mwingine ila huo.

"Kwa hiyo mama bado yupo," alisema Delma. "Sijui niseme vipi kwa Kiingereza. Amekufa, lakini bado hajaondoka. Na sisi hatuwezi kumwacha."

"Na picha?" niliuliza. "Si mnayo picha?"

"Mjomba anayo kwenye simu. Anasema kuona picha ni kama kuona picha ya chakula."

Kesho yake nilimwambia Margaret. Nilidhani atanigombeza kwa kuongea nje. Badala yake akakaa, akauliza jina la kijiji, kisha akapiga simu kwa warithi. Hawakuwa watu wabaya. Wakasema mzee aje aione, ila lori lisicheleweshwe, kwa sababu mnunuzi ameshasubiri vya kutosha. Tukakaa mimi, yeye na Désiré tukapiga hesabu ya siku, na hesabu ikatukatalia. Sanamu ilikuwa inatoka kwenye friza asubuhi ya siku ileile ambayo mzee Leban alikuwa anaondoka Sydney mchana. Kuifungua ilikuwa kesho yake. Delma alihangaika na tiketi, haikubadilishika, na viza ilikuwa inakwisha.

"Si tuitoe mapema?" Désiré aliuliza.

"Mayai yanabaki," alisema Margaret. "Yakibaki, itakuwa unga kabla haijavuka bahari."

"Sasa mzee ataona nini?"

Margaret alikuwa anajua kama sisi kwamba kitu kikitoka kwenye friza, plastiki inageuka nyeupe kwa barafu hata huoni kilichomo.

Asubuhi ile mzee Leban alifika amevaa koti la mume wa Delma, kubwa, lenye nembo ya timu ya mpira. Alikuwa mfupi, mkali kidogo, na alikuwa amechoka na Sydney. Delma alitafsiri: anasema baridi ya hapa ni ya nini, anasema chai yenu haina ladha, anasema kuku wa pale stesheni alikuwa mzuri. Nilimpenda palepale. Nilimwambia Delma amwambie kwamba chai hata mimi nimeilalamikia tangu nilipofika.

Tulitoa sanamu. Désiré upande mmoja, mimi upande mwingine, tukailaza kwenye meza ndefu. Na kama tulivyojua, kabla hatujaondoa mikono, plastiki yote ilikuwa imeshakuwa nyeupe. Pale mezani palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa cheupe, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakikufanana na maiti. Delma aligeuka, akashika mdomo.

Mzee akauliza swali. Delma akatafsiri kwa shida: anauliza, mtaifungua saa ngapi?

Margaret alimweleza yeye mwenyewe, akimtazama usoni, asimfiche kitu. Alisema ikifunguliwa sasa rangi itabanduka. Mzee alijibu kwa haraka, na Delma akasita kabla ya kutafsiri. "Anasema rangi ilipakwa kwa ajili ya siku moja. Siku yenyewe ilipita kabla yeye hajazaliwa. Ibanduke."

"Siwezi," alisema Margaret. "Mwambie naomba radhi. Si yangu."

"Anasema anajua si yako."

Nje lori lingine lilikuwa linarudi nyuma, linalia pipipi. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa na nilisikia aibu, ingawa sikuwa nimefanya kosa. Ilikuwa aibu ya mwenye nyumba aliyekosa kiti cha kumpa mgeni.

Mzee Leban akavua glavu tulizompa, akaziweka mezani. Akaenda mpaka kwenye sanamu, akabandika viganja vyake viwili juu ya plastiki.

"Asiguse!" Margaret alipiga hatua mbele.

"Plastiki haigusi mti," nilimwambia. "Kuna fremu. Unakumbuka fremu."

Akasimama. Mzee hakuwa anasikiliza. Alikaa hivyo, viganja vimetulia, halafu akaviondoa na kuinama haraka. Pale vilipokuwa pamebaki madirisha mawili ya maji, na ndani yake jicho la kijani lilikuwa linatutazama. Aliangalia mpaka barafu ikalifunika tena. Akasogea, akabandika viganja mahali pengine.

Ndivyo alivyoanza. Kiganja, dirisha, macho, barafu, mbele kidogo. Ndege. Shingo ya nyoka. Mkia. Mikono yake ikawa imepauka, akawa anaipuliza na kuisugua kwenye lile koti la mpira, kisha anarudi. Delma akavua glavu zake, akaenda upande wa pili, akaanza naye. Kisha Désiré, ambaye haongei akibeba, akaanza bila kuulizwa. Mimi nikaweka mikono yangu. Inauma, msidhani haiumi, inaingia mpaka kwenye kiwiko. Mwisho Margaret akavua zake. Alikuwa analia, na akawa anasema kwa upole, "Taratibu, msibonyeze, taratibu." Tukawa tunamfungulia mzee njia, sisi tunapasha plastiki na yeye anapita nyuma yetu anaangalia.

Alipofika kwenye tumbo la samaki aliomba tochi. Pale ndipo wazee wake walipokuwa wakibishana miaka yote, nini kilikuwamo ndani ya tumbo la samaki, maana kwenye picha vijiti vinapaziba. Tulibandika mikono sote kwa pamoja ili dirisha liwe kubwa. Akamulika, akainama, akageuza kichwa. Alikaa pale muda. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeshinda ubishi na ndugu zake. Kilichomo ndani nilikiona mimi pia siku nilipokuwa naifunga, na sitakiandika hapa. Si changu.

Alipomaliza alisimama wima, akaifuta mikono, akaipa sanamu mgongo. Hakuitazama tena.

Margaret akamwambia Delma kwamba yuko tayari kusaidia waombe irudishwe kijijini. Itachukua muda, lakini wapo waliofanikiwa, na yeye atasimama nao. Alisema kwa moyo wake wote. Delma akatafsiri. Mzee alishangaa, kama mtu anayepewa kitu alichokwisha kula.

"Anauliza irudishwe ya nini," alisema Delma. "Anasema sikuja kuichukua. Nilikuja kuiona, na nimeiona. Mti ni wenu." Akasita, akamsikiliza tena mjomba wake, ambaye alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, sisi na fremu zetu na friza yetu, na macho yake hayakuwa na ukali tena. "Anasema ameona kazi mnayoifanya. Kuibeba, kuifunga, kuilinda na wadudu, mwaka baada ya mwaka. Anasema poleni sana."

Alisema kweli, si dhihaka. Alituonea huruma. Akatushika mikono, kwa mikono yake iliyokuwa baridi kama chuma, akaenda uwanja wa ndege.

Siku iliyofuata tuliifungua, rangi ikiwa salama yote, tukaiweka kwenye kreti, nikakaza skrubu. Ilikuwa kazi safi. Vinko angepita na kidole kwenye pembe na kukosa la kusema. Lori likaja, likaenda. Na mimi nikasimama pale kwenye mlango wa kupakilia nikihisi uchovu ambao sijawahi kuuhisi hata siku ya ngoma ya Vanuatu.

Jioni nilimpa Désiré lifti. Tulikwenda mbali bila neno, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Mwisho akasema, "Mzee, sisi wafu betu tuliwazika mbio mbio. Baba nilimuacha kwa barabara, tulifunika na majani tukakimbia. Mpaka leo sijui kama nilishamaliza kumlilia."

Nikamwambia mama yangu alifia kambini mimi nikiwa tayari hapa. Simu ilinikuta mezani nakata sponji. Nilimaliza kukata, kwa sababu kreti lilikuwa linasubiriwa. Usiku tukasali mimi na Feza, asubuhi nikaenda kazini, na tukasema matanga tutayafanya tukipata nafasi. Nilifunga vitu vya wafu wa watu wengine miaka yote hiyo na nafasi sikuipata. Nilipomaliza kusema hivyo ilinibidi nisimamishe gari pembeni, na Désiré akakaa akinishika bega mpaka nikaweza kuona barabara.

Delma alikwenda kwao kwenye sherehe na akarudi. Alisema Leban alichonga mwenyewe, uzio ukafunguliwa, watu wakaiona, wakala, na jioni wakaipeleka porini. Nilimuuliza kama mama yake ameondoka. Akasema ndiyo, na akasema sasa analala. Mwezi huohuo nilimwambia Margaret kwamba nastaafu. Hakuniuliza sababu, alinitazama magoti.

Matanga ya mama tuliyafanya hapa Toongabbie, Jumamosi moja. Nilitengeneza msalaba kwa mikono yangu, mbao za msonobari, nikachonga jina lake polepole. Wakaja watu wa kanisa, Désiré na familia yake, Delma akaleta chakula, Margaret akakaa kwenye kiti cha plastiki uwanjani akiimba asichokijua. Tulilia mchana kutwa, kilio ambacho tungekilia zamani. Kaburi lenyewe liko mbali, kambini, na sijui kama bado linajulikana. Kwa hiyo msalaba niliuchomeka nyuma ya nyumba, karibu na uzio.

Watu walipokwisha kuondoka, binti yangu Neema alitoka stoo na kopo la mafuta ya mbao na brashi. Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza. Akaniambia mbao hizi zikikaa nje hivi bila kupakwa kitu, mvua na wadudu vitazimaliza upesi, baba, wewe si ndiye unayejua mambo haya.

"Najua," nilimwambia. "Rudisha kopo ndani."